Emérita na Filimu ya Wasichana wa Ateliye

Katika ateliye, karakana ya sanaa ya masera watawa wa Nyamiringa, hapakuwa na mikono iliyoshindwa kazi kama ya Emérita. Masera Clothilde alikuwa amewakusanya wasichana wa milima ile ya Masisi, mabinti wa wafugaji na mabinti wa wakulima, awafundishe sanaa: kusuka vikapu, kufinyanga udongo, kuchora kwa rangi, kutarizi vitambaa vya altare. Wenzake walisonga mbele mwezi kwa mwezi. Emérita alibaki palepale. Kikapu chake kiliegea upande mmoja kama mtu anayetoka kwenye pombe ya ndizi. Ng'ombe wake wa udongo, aliyemhangaikia wiki nzima, Padiri Odilon alimgeuza huku na huku, akamsifu kwamba ni kiti kizuri sana. Na mwana-kondoo aliyemtarizi kwa ajili ya Pasaka alitokea na miguu mitano. Emérita alijitetea kwamba mmoja ni mkia.

Alichokuwa nacho ni macho. Alipenda kuangalia watu wakiwa kazini kuliko alivyopenda kufanya kazi yenyewe, na mazoea hayo alikuwa nayo tangu utoto. Alifika Masisi akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati Papa yake, Kanamugire, alipokuja na ng'ombe wake kutafuta malisho. Miaka ya arobaini, alipokuwa msichana mdogo, mama yake Verdiane alimtuma na maziwa ateremke mpaka barabarani, ambako wanawake wa Shasha, kule ziwani, walipanda na samaki wakavu kubadilishana. Njiani Emérita alisimama kumtazama fundi anayechonga mzinga, akasimama tena kumtazama mama anayepura maharage, na alipofika barabarani maziwa yalikuwa yamekwisha kuganda. Wanawake wa Shasha wakawa wanamuuliza kwa mbali kabla hajatua kibuyu: "Leo ni maziwa, ao ni mashanza?"

Mwaka 1955 Padiri Odilon alipokea kutoka Ulaya kamera ya filimu. Ilikuwa ya kaka yake, ambaye alikuwa ameichoka. Padiri akafurahi kama mtoto. Akaamua kupiga filimu ya wasichana wa ateliye wakiwa kazini, ili wale waliokuwa wakituma rangi na nyuzi kutoka ng'ambo waone mali yao inafanya nini. Asubuhi moja akavaa kofia yake, akashika kamera, akaelekea kwenye ua wa ateliye. Masera Clothilde alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Padiri, saa ya kazi mwanaume haingie humu. Hiyo njo sheria yetu."

"Lakini, Masera, mimi niko padiri."

"Padiri pia iko mwanaume."

Padiri hakubishana. Alizunguka nyuma ya ukuta, akapanda juu ya jiwe, akaelekeza kamera kwa juu. Lakini Padiri Odilon alikuwa na ndevu ndefu zilizofika kifuani, na siku ile upepo ulikuwa unatoka chini bondeni. Alipochungulia ndani ya kamera akalalamika kwamba ukungu umeingia ghafla. Wasichana wakamwona, wakaangua kicheko, na Vénantie mfinyanzi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kilima cha pili, akauangusha mtungi.

"Basi nani atapiga hii filimu?" Padiri aliuliza alipoteremka, akijifuta vumbi.

Masera aliwatazama wasichana wake mmoja mmoja. Généreuse, binti wa mkulima Kabera, alikuwa fundi wa vikapu kuliko wote, huyo haguswi. Kamaliza alikuwa katikati ya kuchora ng'ombe kwenye ubao mkubwa wa ukutani. Vénantie alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Macho ya Masera yakasafiri mpaka mwisho wa mkeka, yakatua.

"Tumupe Emérita," akasema. "Yeye akiacha kazi, hakuna kitu itaharibika."

Emérita hakujua acheke au alie. Alifanya yote mawili, kisha akanawa mikono.

Padiri alimfundisha kwenye veranda ya misioni, Masera akiwa pembeni anashona soksi. Kamera ilikuwa kisanduku cha chuma chenye jicho la kioo mbele na ufunguo ubavuni. Ufunguo ule unauzungusha mpaka ukaze, halafu ukibonyeza kidude, kisanduku kinaanza kukoroma kama paka aliyeshiba. Baada ya muda mfupi ufunguo unalegea na paka ananyamaza, unazungusha tena. Tumbo lake halifunguliwi juani, maana jua likiingia linakula kila kitu.

"Na filimu ni fupi, Emérita. Inaisha kabla hujasema litania yote ya Mama Maria. Usiitumie bule."

"Ndiyo, Padiri."

Siku ya kwanza ya kupiga, ukungu ulikaa mlimani asubuhi nzima na wasichana wakapata muda mrefu wa kujipamba. Walipotoka uani jua lilipowaka, Emérita alidhani amekosea siku, ni Jumapili. Kila mmoja alikuwa amevaa nguo ya misa. Nyuso ziling'aa kwa siagi ya ng'ombe. Vénantie alikuwa amevaa viatu vya shangazi yake, vikubwa kiasi kwamba alitembea bila kuinua miguu. Wakaketi kwenye mkeka, vifaa vya kazi magotini, migongo imenyooka, macho yote kwenye kioo.

Picha walikuwa wanaijua. Mpiga picha alikuwa amepita misioni mwaka wa nyuma kwa ajili ya harusi, akawapigia kelele watu wote: "Musitingishike! Mukitingishika mutaharibu!" Basi wasichana hawakutingishika. Emérita alizungusha ufunguo, akabonyeza, kamera ikakoroma, na hakuna aliyepepesa hata jicho. Nzi alitua kwenye pua ya Kamaliza. Kamaliza akamvumilia kama shahidi wa imani. Kuku mmoja alipita mbele yao, akadonoa, akaenda zake. Filimu ikaisha.

"Walifanya kazi gani?" Padiri aliuliza jioni ile alipopokea kamera.

"Walikaa muzuri sana, Padiri. Hakuna hata mumoja alitingishika."

Ndevu za Padiri zikaanza kutetemeka, na ikambidi ashike nguzo ya veranda. Alipopata pumzi akamweleza Emérita kwamba picha ya namna hii ni ya vitu vinavyotembea; asiyetembea, kamera haina shida naye.

Emérita akapeleka habari ateliye: "Mutembeze mikono! Iko nataka bantu ba kutembea."

Kesho yake walitembeza. Généreuse alisuka kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, akajichoma kidole, akaendelea kusuka kidole mdomoni. Kamaliza alimpaka ng'ombe mmoja rangi mara tatu, mara ya tatu akampaka mpaka pembe. Vénantie alilizungusha bonge la udongo kwa nguvu mpaka likaruka, likatua kwenye sufuria ya maharage ya mchana. Emérita alizima kamera mapema, lakini hata hivyo filimu nyingi ilikuwa imeliwa, na Padiri akamwambia kwa upole kwamba zilizobaki si nyingi, afikiri kwanza.

Alifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Alichokiona kwenye kamera ni wasichana wanaoigiza wasichana. Généreuse aliyemjua yeye, wa kila siku, hakuwa amefika kabisa.

Nyumbani alimkuta Papa yake zizini na ng'ombe mpya, Bihogo, aliyeletwa wiki ile kutoka kilima kingine. Bihogo alikuwa ameyazuia maziwa yote. Emérita akaegemea ua, akamkazia macho ng'ombe yule kuona atafanya nini.

"Toka pale," Kanamugire alisema bila kugeuka. "Anakuogopa."

"Sijamugusa, Papa."

"Hujamugusa, lakini uko namuangalia sana. Leta kiti yako, kaa hapa karibu, fanya kazi yako. Menya ndizi. Musahau, na ye atakusahau."

Emérita akaketi, akamenya ndizi. Alipomaliza fungu la pili alisikia maziwa yanalia ndani ya chombo. Aliinuka ghafla, ndizi zikamwagika, Bihogo akashtuka, na Papa yake akasema maneno ambayo hakuzoea kuyasema mbele ya mabinti.

Tangu kesho yake Emérita alikuja uani na kamera isiyo na filimu ndani. Aliketi nayo katikati ya wenzake, akaizungusha, akaiacha ikorome, akaizungusha tena, huku akimenya ndizi za jikoni. Siku za mwanzo walijinyoosha kila walipoisikia. Baadaye waligeuka mara moja tu. Halafu hawakugeuka. Kamaliza akaanza kutundika kitambaa chake cha kichwa juu ya kamera. Vénantie akaizoea kiasi kwamba akawa anaikaripia: "Nyamaza weye, tuko naongea!" Hata Masera Clothilde, ambaye siku zote alirekebisha shela yake akipita mbele ya kioo, aliacha.

Ndipo Emérita akajifunika shuka, akaweka filimu tumboni mwa kamera gizani, akarudi kuketi mahali pake pa kila siku. Hakuna aliyejua.

Alimpata Généreuse, yule wa heshima, asiyecheka ovyo, akisuka ukingo wa kikapu huku ncha ya ulimi imetoka nje inafuata sindano: sindano ikienda kushoto, ulimi kushoto, ikienda kulia, ulimi kulia. Alimpata Kamaliza akigombana na rangi yake ya bluu, anaielekezea kidole, anaipa nafasi ijibu, anakataa jibu. Alimpata Vénantie akiupigapiga mtungi makalioni kama mama anayembembeleza mtoto, kisha akichungulia ndani ya mdomo wake na kuuimbia. Huyu ndiye Généreuse! Huyu ndiye Vénantie!

Na alipokuwa amebakiza filimu kidogo, mbuzi akaingia.

Mbuzi yule alikuwa adui wa zamani. Kila wiki alipita kwenye tundu la ua na kula majani ya kusukia yaliyoanikwa, na kila Masera alipouliza kanisani ni mbuzi wa nani, watu wa kilima kizima walitazama dari. Siku hiyo aliliparamia fungu la Généreuse lenyewe, lile jeupe, lililooshwa na kukaushwa kwa ajili ya kikapu cha askofu, Monsinyeri. Généreuse alipiga yowe, akamkimbiza mbuzi. Masera alimkimbiza Généreuse ili asiumie. Mbuzi akaruka mfereji wa maji ya mvua, Généreuse akazunguka, na Masera Clothilde, mama wa makamo, mnene wa kutosha, akakusanya kanzu yake kwa mikono miwili na akaruka mfereji ule moja kwa moja kama swala. Akatua ng'ambo wima. Ufunguo ukalegea, kamera ikanyamaza.

Emérita aligundua kwamba kidole chake kilikuwa kimebonyeza muda wote.

Alitaka kusema. Siku mbili baadaye alimfuata Masera bustanini. "Masera, ile siku mbuzi alikuya..."

"Emérita, ile siku sipendi kuisikia tena," Masera alisema, na shingo yake ikawa nyekundu. "Mungu ashukuriwe hakuna muntu aliona, ila nyinyi batoto."

Emérita akarudi alikotoka. Aliwaza kuungama, lakini wa kumuungamia alikuwa Padiri mwenye filimu. Filimu zikafungwa kwenye makopo, zikateremka na kamio, lori la mizigo, mpaka Goma, zikaenda Ulaya kusafishwa. Kwa miezi yote hiyo Emérita aliishi kama mtu aliyeficha chura kwenye kapu la chakula cha wageni. Kila kamio ilipopanda kilima alichungulia nani anateremka na kopo. Alisali kabisa kwamba jua la Ulaya liingie na kula ile ya mwisho peke yake, ikiwezekana.

Halikuingia. Filimu zilirudi mwaka 1956, wakati wa kuvuna maharage, zikiwa nzima. Mbonigaba, dereva wa misioni, akapewa mashini ya kuonyeshea ya kuazima na gurupe ya kutoa umeme, na zote mbili zilifika siku ileile alipofika mgeni mkubwa, padiri mwangalizi wa mashule kutoka Bukavu. Kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuitazama filimu kabla. Mchana, baada ya chakula, madirisha ya shule yalizibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na wazazi wakajaa mpaka kwenye vizingiti. Kanamugire na Verdiane waliketi karibu na Kabera na mke wake. Masera Clothilde alisimama nyuma kabisa, kwenye ukuta. Kwa kuwa filimu haikuwa na sauti, Padiri alimweka Emérita kando ya shuka na fimbo mkononi, awaeleze watu wanachokiona.

"Hawa ni wanafunzi wa ateliye," Emérita alianza. "Wamekaa."

Na kweli walikuwa wamekaa. Watu walitazama kwa adabu, wakidhani ni picha kubwa imebandikwa. Halafu kuku akaingia.

"Kuku!" watoto wakapiga kelele. Chumba kizima kikasimama. Mama mmoja akaapa kwamba ni kuku wake, yule yule waliyemla siku ya ubatizo, na akaanza kumwita. Kuku alipotoka kwenye shuka, wawili watatu walienda kuchungulia nyuma ya ukuta.

Filimu ya pili, ile ya kasi, iliwachekesha mpaka mgeni akavua miwani. Ya tatu ilipoanza, kelele zikapungua zenyewe. Palikuwa na kikapu, na mikono, na uso wa Généreuse ulioinama, na ncha ya ulimi inayokwenda kushoto na kulia.

Généreuse alijifunika uso. Lakini Kabera, Papa yake, alikuwa ameinuka kwenye benchi.

"Ule ulimi," akasema polepole. "Ule ulimi iko ya Mama yangu. Alikuwa nasuka hivi hivi, na ulimi inje. Mi nilisahau. Kabisa, nilisahau." Akabaki amesimama, na waliokuwa nyuma yake hawakumwambia aketi.

Kwenye picha ya Vénantie na mtungi, jua lilikuwa mgongoni mwa mpigaji, na kivuli kirefu kililala juu ya mkeka: mabega, shingo nyembamba, kichwa kilichoinama upande mmoja. Verdiane, mama yake Emérita, akamshika mume wake mkono. "Ona. Yule ni mwana wetu. Ni yeye anaangalia vile, kama anataka kuchelewesha maziwa." Kanamugire alikubali kwa kichwa. Alikuwa anakifuatilia kivuli kile kuliko mtungi.

Emérita hakuyasikia hayo yote. Alikuwa anahesabu kichwani: Kamaliza amepita, mtungi unapita, anayefuata ni mbuzi. Mbuzi alipochomoza kwenye tundu la ua, miguu yake iliamua bila kumuuliza. Alisogea mbele ya shuka, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kupaza sauti:

"Na hapa, bazazi bapenzi, ni majani! Majani ya kusuka, tunakata kule bondeni, tunaosha, tunaanika..."

"Toka pale!" watu wakapiga kelele. "Emérita, ondoka!"

Lakini blauzi ya Emérita ilikuwa nyeupe, imefuliwa kwa ajili ya siku hiyo, tena nyeupe kuliko shuka la misioni. Mbuzi akapita kwenye tumbo lake. Généreuse akapita akimfuata. Na Masera Clothilde, kanzu mikononi, akakimbia mpaka kwenye ubavu wa Emérita, akaruka, akapita juu ya kifua chake chote na kutua karibu na bega la kushoto.

Paa lilikaribia kuondoka. Vénantie alianguka kwenye benchi. Mgeni wa Bukavu alikuwa ameinamia magoti yake, mabega yanaruka. Katikati ya kelele hizo mke wa Kabera akaita kwa furaha ya mtu aliyemwona ndugu: "Ile iko mbuzi yetu! Ona ile doa ya shingo!"

"Nyamaza!" Kabera akamwambia, akaketi haraka.

Mbonigaba, aliyekuwa na mkono kwenye mashini, alichanganyikiwa, akavuta chuma asichokijua, na filimu ikaanza kurudi nyuma. Masera akaruka mfereji kinyumenyume. Majani yakatoka mdomoni mwa mbuzi yakajipanga kwenye fungu, na mbuzi akatoka kwenye ua kwa heshima, akitanguliza makalio. Watu walilia kwa kucheka. Emérita alikuwa bado amesimama na mikono imenyooshwa, machozi yanamtoka, na machozi yake hayakuwa ya kicheko.

Mbonigaba alipozima mashini, watu walianza kugeuka mmoja mmoja kumtafuta Masera kwenye ukuta wa nyuma. Masera Clothilde hakuwa anacheka. Alitembea taratibu katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama karibu na Emérita, akatoa kitambaa mfukoni na kumfuta uso.

"Sasa ondoka mbele ya shuka," akasema. Halafu akageuka. "Mbonigaba, rudisha tena, polepole. Kwetu Ulaya kuna mifereji mingi. Niliruka tangu utoto na sikushindwa na kaka zangu hata siku moja. Nataka kuona kama mguu wa nyuma ulifika vizuri."

Ulikuwa umefika vizuri. Walihakikisha mara kadhaa, mbele na kinyumenyume, mpaka gurupe ilipokwisha mafuta.

Jumatatu Kabera alileta ateliye mafungu ya majani aliyoyakata mwenyewe, akayashusha, akaziba na tundu la ua. Padiri Odilon alitaka kuikata sehemu ya mbuzi kabla ya kuipeleka filimu ng'ambo, lakini Masera akamwambia aliyeona mikono ya wale wasichana bila kuona miguu ya Masera wao bado hajaiona ateliye. Basi nakala ikaenda nzima, na nyingine ikabaki.

Hiyo iliyobaki ndiyo iliyombadilishia Emérita maisha. Tangu mwaka 1957 Mbonigaba alianza kuizungusha kwenye misioni ndogo za njia ya Walikale, na filimu isiyo na sauti inahitaji mtu wa kuisemea. Emérita alipanda kamio, akakaa katikati ya Mbonigaba na Masera Clothilde, aliyekuja kwa ajili ya heshima ya msichana na, kwa maneno ya Mbonigaba, kwa ajili ya kupigiwa makofi. Kule Kashebere, wanawake waliitazama ile ya vikapu na kuanza kubishana kuhusu mshono wa Généreuse, na wasichana wawili wakaomba kupanda na kamio kwenda kujifunza. Kule Walikale, ambako watu ni wa msituni na ng'ombe hawawajui sana, mzee mmoja aliuliza kwa makini kama yule mnyama wa pembe ndefu anayechorwa na Kamaliza huishi juu ya ubao ule, au hushuka kula. Emérita alimjibu kwamba hushuka Jumapili.

Alikuwa amegundua kwamba anaweza kusema. Aliwapa wenzake sauti zao: hasira ya Kamaliza, nyimbo za Vénantie, hata mawazo ya mbuzi. Kashebere kulikuwa na mwalimu wa shule, Jean-Marie, mtu mpole, ambaye alikuja kuiona filimu ileile kila ilipopita, na Mbonigaba akamwuliza kama anakuja kuangalia shuka ao anakuja kuangalia fimbo. Walioana mwaka 1958. Kanamugire aliridhika na ng'ombe aliyeletwa. Verdiane aliridhika kwamba mwalimu yule alikunywa mashanza bila kukunja uso.

Ndoa haikumzuia safari. Mwaka uleule waliteremka mpaka Hombo, kwenye barabara kubwa ya Bukavu na Stanleyville, ambako watu ni wafanyabiashara na hawapotezi muda wao hivihivi. Soko zima lilikuja chini ya hangari. Mbonigaba aliwasha gurupe, akafungua mashini, na ampule, ile balbu ya ndani, ikapasuka kwa sauti kama ya kuni mbichi. Ampule nyingine haikuwepo karibu zaidi ya Bukavu. Watu walianza kunung'unika.

"Tufunge vitu, twende," Mbonigaba alisema.

"Hapana," Masera alisema. "Emérita, sema."

Emérita alisimama kando ya shuka tupu, akainua fimbo. Akaanza na mkeka, na jua, na Généreuse anayesuka. Akaonyesha kwa fimbo mahali ulimi ulipo. Watu wa Hombo, wafanyabiashara wale, wakanyoosha shingo kuuona. Alipofika kwa mbuzi hakuwa na haraka. Mbuzi wa siku ile alikula fungu la majani, akala kikapu, akala kofia ya Padiri, na mfereji alioruka Masera ulikuwa mto wenye mamba. Masera Clothilde, aliyeketi pembeni, hakurekebisha hata neno moja. Walipiga makofi mpaka vumbi likapanda, na Mbonigaba akapewa ndizi za kujaza nusu ya kamio.

Mwaka uliofuata ampule mpya ilipatikana, wakarudi Hombo na picha kamili. Watu walijaa mara mbili ya mwanzo. Walitazama kwa utulivu mpaka mwisho, taa zikawashwa, na makofi yakawa ya adabu tu. Mama mmoja muuza chumvi, aliyekuwa ameketi mbele tangu mchana kulinda nafasi yake, akamwendea Emérita na kumvuta pembeni.

"Dada, iko muzuri," akasema kwa huruma, asimuumize. "Lakini ile mbuzi ya mwaka jana ilikuwa munene zaidi."

Emérita alimtazama mama yule, akamtazama Mbonigaba anayekunja shuka.

"Ni kweli, Mama," akajibu. "Ilikonda mu njia."